Mwamba Ngoma Huvutia Kwake: Kwa Nini Hesabu ya Watu Hutugombanisha

Wahenga walisema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Mwenye duka asiyeandika hufilisika akidhani anachuma, na mkulima asiyejua amevuna magunia mangapi hula akiba ya mbegu bila kujua. Kwa sababu hiyo sijamkuta Mkenya, awe wa bara au wa pwani, anayebisha kwamba serikali yapaswa kujua ina watu wangapi. Shule zijengwe wapi, visima vichimbwe vingapi, dawa zipelekwe kiasi gani katika zahanati fulani: mambo haya hayapangiki kwa kukisia.

Lakini ajabu ni kwamba kila baada ya miaka kumi, tunapofanya jambo hili lenye faida kwa wote, huzuka ugomvi ambao huanzia vijijini, ukapanda hadi Bungeni, ukaishia mahakamani. Na mara nyingi hesabu nyingine hukaribia kabla ya ugomvi wa ile ya kwanza kumalizika.

Wengi hulaumu uzembe wa makarani. Wengine hulaumu ukabila, na wengine wanasiasa. Mimi sikatai kwamba hayo yote yamo. Hata hivyo nionavyo mzizi wenyewe uko chini zaidi. Mwananchi anapobishiwa hodi na karani wa hesabu, hamtazami karani. Hutazama kilicho nyuma ya karani. Akiona kodi, hujificha; akiona mgao, hujizidisha. Anayetaka hesabu ya haki na ya kweli ni lazima aanzie hapo.

MWIKO WA WAZEE

Jamii nyingi za nchi hii hazikupenda kuhesabu watu. Msomaji anajua kwamba katika masimulizi ya Wagikuyu, mabinti wa Gikuyu na Mumbi walikuwa kumi, lakini hutajwa kuwa "kenda muiyuru", yaani tisa kamili iliyojaa, maana kutaja idadi halisi ya watoto wa mtu ni kama kuwaitia balaa. Kwa wafugaji wetu, kumwuliza mtu ana ng'ombe wangapi ni kukosa adabu. Na wasomaji wa Biblia hawajasahau kwamba Mfalme Daudi alipoamuru Waisraeli wahesabiwe, ilishuka tauni ikaua watu 70,000.

Tusiwacheke wazee na kuwaita wajinga. Mfugaji huyo asiyehesabu huwajua wanyama wake mmoja mmoja, kwa rangi, kwa pembe na kwa mama zao. Ndama mmoja akikosekana, hujua jioni ile ile kabla zizi halijafungwa. Kwa hiyo wazee hawakukataa kujua. Walichokataa ni kumkabidhi mtu wa nje idadi ya watoto na mali yao kabla ya kujua anaitakia nini.

Mkoloni alipokuja aliwathibitishia kwamba hofu yao ilikuwa na maana. Mwanzoni mwa karne ya 20 ilitozwa kodi ya kibanda. Kibanda kilichohesabiwa kilikuwa ni kibanda cha kulipiwa, basi watu wakarundikana katika nyumba chache ili vibanda vipungue. Kwa miaka mingi idadi ya Waafrika wa nchi hii ilikuwa ikikadiriwa kutoka katika madaftari hayo hayo ya kodi. Hesabu ya kwanza iliyojaribu kuwafikia watu wa rangi zote ilifanywa mwaka 1948, nayo ikaonyesha watu wapatao milioni 5.4. Ile ya 1962, uhuru ukiwa mlangoni, ilionyesha milioni 8.6.

Baada ya uhuru hesabu ilifanywa mwaka 1969, na tangu hapo imekuwa ikifanywa kila miaka kumi bila kukosa, jambo ambalo nchi nyingi za Afrika haziwezi kujivunia. Tulikuwa milioni 10.9 mwaka 1969, milioni 15.3 mwaka 1979, milioni 21.4 mwaka 1989, milioni 28.7 mwaka 1999, milioni 38.6 mwaka 2009, na milioni 47.6 mwaka 2019.

KUTOKA KUJIFICHA HADI KUJIZIDISHA

Katika muda huo jambo moja liligeuka bila watu wengi kulitambua. Hesabu iliacha kuwa njia ya kuchukua, ikawa njia ya kugawa.

Katiba ya 2010 iliweka viti 290 vya wabunge wa maeneo. Kila eneo lapaswa kukaribia kiwango kinachopatikana kwa kugawa watu wote kwa 290. Kwa hesabu ya 2009 kiwango hicho kilikuwa watu 133,138, na kwa ile ya 2019 ni watu wapatao 164,000. Miji na sehemu zenye watu wachache zaweza kupita au kupungukiwa kwa asilimia 40, na sehemu nyingine kwa asilimia 30. Sasa tazama eneo la Lamu Mashariki, ambalo mwaka 2019 lilikuwa na watu wapatao 22,000 tu. Katika ugawaji wa 2012 maeneo madogo kama hilo yalilindwa yasifutwe, lakini ulinzi huo uliwekwa kwa ugawaji ule wa kwanza tu. Mzee wa Faza au Kizingitini akisikia neno "hesabu ya watu" anajua linahusu kama watu wa visiwa vyake wataendelea kuwa na mtu wa kuwasemea Nairobi au la.

Fedha nazo hufuata idadi. Fomula ya kwanza ya kugawia kaunti fedha iliipa idadi ya watu asilimia 45 ya uzito wote. Fomula hiyo hutazamwa upya kila miaka mitano, na mwaka 2020 Seneti ilishikana mashati juu yake majuma mengi. Viongozi wa kaunti zenye watu wengi walisema "mtu mmoja, kura moja, shilingi moja". Viongozi wa kaunti pana zenye watu wachache, za kaskazini na za pwani, walijibu kwamba barabara haipungui urefu kwa kuwa wanaoipita ni wachache. Mwishowe idadi ya watu ikapewa asilimia 18. Kila upande ulikuwa na hoja, na kila upande ulikuwa ukiwamba ngoma. Na mwamba ngoma, kama tujuavyo, ngozi huivutia kwake.

YALIYOTOKEA KASKAZINI

Mfano mkubwa wa mambo haya ni ule wa uliokuwa Mkoa wa Kaskazini Mashariki. Mwaka 1999 mkoa huo ulihesabiwa kuwa na watu 962,143. Mwaka 2009 ukaonekana kuwa na watu 2,310,757. Wilaya za Mandera peke yake zilitoka watu 250,372 hadi 1,025,756, yaani zaidi ya mara nne katika miaka kumi, wakati Kenya nzima iliongezeka kwa kama thuluthi moja tu.

Tarehe 31 Agosti 2010, siku nne tu baada ya Katiba mpya kuzinduliwa, Waziri wa Mipango, Bw. Wycliffe Oparanya, alitangaza matokeo ya taifa. Papo hapo akatangaza kwamba hesabu ya wilaya nane imefutwa: Mandera Mashariki, Mandera ya Kati, Mandera Magharibi, Wajir Mashariki, Lagdera, na Turkana ya Kaskazini, ya Kati na ya Kusini. Sababu aliyoitoa ni kwamba ongezeko lilipita lile linaloweza kuletwa na kuzaliwa na kufa kwa watu, na kwamba mpangilio wa umri na jinsia haukuwa wa kawaida.

Mtu aliyeko Nairobi aliposikia hayo alisema, "Bila shaka wamejizidisha." Huenda wako waliojizidisha. Lakini tuupime upande wa pili pia. Wilaya za Kaskazini Mashariki zilitawaliwa kwa sheria za hali ya hatari tangu 1963 hadi 1991. Mwishoni mwa 1989 Wakenya wa asili ya Kisomali walipangwa foleni wachunguzwe uraia wao na kupewa kadi za pekee, jambo ambalo Wakenya wengine hawakufanyiwa. Je, miaka kumi baadaye, mwaka 1999, karani wa serikali alipokwenda akiuliza majina ya waliomo nyumbani, ni ajabu kama wengine walijificha? Basi idadi ya 2009 yaweza kuwa kubwa mno, na ile ya 1999 yaweza kuwa ndogo mno, yote mawili kwa pamoja. Anayetazama moja tu ameona nusu ya jambo.

Kesi ikapelekwa mahakamani, na mwaka 2012 Mahakama Kuu ikatengua uamuzi wa waziri. Mkoa uliokuwa na viti 11 vya Bunge ukapata 18. Kisha ikaja hesabu ya 2019, iliyofanywa kwa mara ya kwanza kwa tableti badala ya makaratasi. Mandera ikaonekana kuwa na watu 867,457, yaani ikapungukiwa na watu 158,299 katika miaka kumi. Viongozi wa huko wakapiga kelele kwamba safari hii wamepunguzwa makusudi. Kesi nyingine ikafunguliwa, na Januari 2025 Mahakama Kuu mjini Garissa ikafutilia mbali matokeo ya 2019 ya Mandera, Wajir na Garissa, ikaagiza watu wahesabiwe upya.

Mimi si hakimu, wala sina ushahidi wa kusema nani alidanganya. Ninaloliona ni kwamba katika hesabu mbili zilizofuatana, watu wa sehemu moja ya nchi waliambiwa idadi yao si idadi, na mara zote mbili maelezo yalitoka mezani Nairobi baada ya kazi kwisha. Mwenye kujizidisha hakuaibishwa kijijini kwake mbele ya majirani, na aliyehesabiwa kwa haki hakupata pa kujitetea. Wote waliwekwa katika kapu moja.

ULILALA WAPI, AU KWENU NI WAPI?

Liko jambo jingine ambalo ni la mila kuliko siasa. Hesabu yetu humwandika mtu pale alipolala usiku wa tarehe 24 Agosti. Swali la karani ni "nani walilala hapa?" Lakini swali analolisikia Mkenya ni "watu wako ni nani?" Haya si maswali sawa.

Baba wa Wajir ambaye mtoto wake amekwenda na ngamia kutafuta malisho safari ya siku kumi atamtaja mtoto huyo, kwa kuwa ni wake na atarudi. Mama wa Vihiga mwenye wana watatu Nairobi atawataja wote watatu, kwa kuwa nyumba zao ziko pale bomani hata kama zimefungwa kufuli mwaka mzima. Nao wenyewe huko Nairobi watahesabiwa tena. Hakuna kati yao aliyekusudia kusema uongo. Kwetu mtu hukaa mahali na kwao ni mahali pengine, na akifa hurudishwa kwao. Wanasiasa wanalijua hilo vizuri, na kabla ya hesabu ya 2019 walisikika wakiwasihi watu warudi nyumbani wakahesabiwe huko. Kwa hiyo kabla ya kumwita mtu mwongo, kwanza tuhakikishe alilielewa swali, na kwamba liliulizwa kwa lugha anayoifahamu.

SWALI LA KABILA

Wako wanaosema kwamba dawa ni moja tu: tuliondoe swali la kabila. Kweli swali hilo ni kaa la moto. Idadi za makabila za mwaka 1999 hazikutangazwa kabisa, na zile za 2009 zilipotangazwa watu wengi waliruka kurasa zote za maji, elimu na makazi wakaenda moja kwa moja kutazama nani ni wa kwanza na nani ni wa tano.

Tena makabila yenyewe hayakai mahali pamoja katika vitabu vya hesabu. Mwaka 1969 Wakipsigis, Wanandi na Watugen waliandikwa kila mmoja mbali; mwaka 1979 wakajumlishwa pamoja na wenzao kwa jina la Wakalenjin. Hapa pwani mtu mmoja aweza kujiita Mbajuni leo na Mswahili kesho, na hatadanganya mara zote mbili. Idadi ya kabila hutegemea pia nani alichora misitari ya fomu.

Hata hivyo sipendi tulifute swali hilo upesi upesi. Wanubi walikaa Kibera tangu zama za ukoloni wakiingizwa katika fungu la "wengineo", na walifurahi walipopewa msitari wao mwaka 2009. Wamakonde walitambuliwa kuwa kabila la 43 mwaka 2017 baada ya kuishi hapa miongo mingi bila vitambulisho. Katika hesabu ya 2019 watu waliozaliwa na jinsia mbili walihesabiwa wazi kwa mara ya kwanza, wakaonekana 1,524. Kwa mnyonge, kuandikwa ni kukubaliwa kwamba yuko. Kabila kubwa halihitaji karani ili lijulikane. Ni dogo ndilo linalomhitaji.

YA MAJIRANI

Wenzetu wa Tanzania hawajauliza kabila wala dini tangu hesabu ya 1967. Wamepata utulivu mwingi kwa hilo, lakini hawakupona kabisa. Mwaka 2012 baadhi ya makundi ya Waislamu yaliwahimiza wafuasi wao kugomea hesabu kwa sababu swali la dini halikuwemo.

Mfano mchungu zaidi ni wa Nigeria, ambako viti na mapato ya mafuta vimegawanywa kwa kufuata idadi. Hesabu ya 1962 ilikataliwa. Ya 1973 ilifutwa mwaka 1975. Ya 2006 haikuuliza kabila wala dini, na bado ilizua ugomvi: serikali kuu ilisema Jimbo la Lagos lina watu milioni 9, na jimbo lenyewe likajihesabu likapata zaidi ya milioni 17. Hesabu iliyopangwa kufanywa mwaka 2023 iliahirishwa. Ukilifuta swali la kabila lakini ukauacha mgao ule ule, ugomvi huhama tu, ukatoka kwenye kabila ukaenda kwenye jimbo, wilaya au dini.

TUFANYE NINI?

Hesabu nyingine yatarajiwa mwaka 2029. Mimi napendekeza mambo matatu.

Kwanza, jumla ya watu wa kila kijiji ibandikwe hadharani, kwa chifu, shuleni na msikitini au kanisani, siku moja nchi nzima, baada ya makarani wote kufunga kazi na kabla ya idadi hizo kwenda juu. Majina na majibu ya kila nyumba ni siri, na yabaki kuwa siri. Lakini jumla ya kijiji si siri ya mtu. Katika uchaguzi wa rais tumezoea kuona fomu 34A ikibandikwa mlangoni mwa kituo, ili yeyote ailinganishe na ile inayosomwa Nairobi. Kwa nini kura zetu ziwe na mashahidi na sisi wenyewe tusiwe nao? Kijiji chenye nyumba 60 kikibandikiwa watu 900, majirani ndio watakaoguna wa kwanza. Nao kijiji kilichorukwa kitalalamika papo hapo, si baada ya mwaka mmoja. Yule mfugaji anayejua ndama aliyekosekana atakuwa amepewa nafasi ya kutumia elimu yake.

Pili, wataalamu wana njia yao ya kujikagua: baada ya majuma machache makarani wengine huenda katika vijiji vichache vilivyochaguliwa kwa bahati nasibu, wakahesabu tena na kulinganisha. Matokeo ya ukaguzi huo yatangazwe pamoja na hesabu yenyewe, na sheria iseme mapema ni tofauti ya kiasi gani itakayofanya mahali pahesabiwe upya, pawe Mandera, Murang'a au Migori. Kanuni ikijulikana kabla ya mchezo, hakuna atakayesema mwamuzi ameibuni ili amwonee.

Tatu, tusiutundike ulimwengu wote juu ya msumari mmoja. Umaskini, umbali wa hospitali, ukame na upana wa ardhi navyo vyaweza kupimwa, na vingi katika hivyo si rahisi kuvizidisha usiku mmoja. Kadiri fedha na viti vinavyozidi kutegemea idadi ya vichwa peke yake, ndivyo vichwa visivyokuwepo vitakavyozaliwa usiku wa tarehe 24 Agosti.

Najua wako watakaosema kubandika idadi vijijini kutachochea mashindano. Mashindano yapo tayari, ila yanachezwa gizani. Wazee wetu walikataa kumpa mgeni idadi ya watoto wao kabla hawajajua anaitakia nini na nani atamwangalia anapoandika. Maswali hayo mawili bado ni ya haki, na serikali itakayoyajibu wazi kabla ya karani kubisha hodi haitakuwa na haja kubwa ya mawakili baadaye.